Mfuko wa Maharage na Afande wa Beni

Siku mliyoniaga redioni mlinipa vitenge viwili, keki, na hotuba ya mkurugenzi ambayo sitaisema vibaya, maana alikuwa na nia njema na mwishowe alikaa chini. Kisha mmoja wenu, yule anayependa kupanga vitu, akaniuliza mbele ya watu wote: "Mama Katungu, mu armoire, kabati ya kaseti, kuko nafasi moja wazi, na pembeni yake kuko kafuko ka kitambaa, ndani maharage mbili. Ile ni dawa?" Mkacheka. Mimi nilikuwa na keki mdomoni, nikaonyesha kwa mkono kwamba nitajibu kwa maandishi.

Haya ndiyo majibu. Nitaandika Kiswahili cha redio, kile tulichosomea habari miaka yote, lakini watu nitawaacha waseme chao, cha Butembo na cha Beni. Mambo ya vyeo na mishahara nayaruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara ilikuwa na haya, haikupenda kuonekana mbele za watu.

Nilianza kazi kabla ya vita. Redio yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya kilima, hapa Butembo, chenye magodoro ya zamani yaliyopigiliwa ukutani ili sauti isirudi. Siku ya kwanza sikushika mikro ya kusemea. Nilipewa kalamu ya bic ya kuzungushia kaseti, kwa sababu mashine ya kurudisha kaseti ilikula umeme na umeme wetu ulitoka kwenye betri ya lori. Nilipewa pia kazi ya kufukuza kuku wa jirani, aliyependa kuingia studio saa ya matangazo ya vifo. Kwa miezi mitatu nilikuwa adui wa kuku yule kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Kasereka, mkubwa wa vipindi. Zamani alikuwa mwamuzi wa mpira, arbitre wa kweli, na filimbi yake hakuivua shingoni hata alipoingia redioni. Mtu akizidisha dakika zake kwenye mjadala, Papa Kasereka alipuliza, na mikro ilipiga kelele mpaka Musienene. Aliniambia siku ya kwanza kabisa: "Katungu, mwenye kuongoza mujadala ni arbitre. Arbitre hana équipe, hana timu. Kama uko na équipe, rudi kwa kuku."

Kanuni yake kubwa ilikuwa hii: kwenye redio yetu mtu hachagui upande wa kutetea. Anapewa kwa kura. Papa Kasereka alisema mtu akitetea anachoamini anakuwa mvivu, na mbaya zaidi, kesho mkubwa fulani atamkumbuka na kumfuata nyumbani. Lakini kama upande umetoka kwenye kura, nani wa kulaumiwa? Mwamuzi wa mpira hurusha sarafu. Sisi wakati ule pesa yetu ilikuwa imebaki karatasi tupu, na noti ukiirusha inaenda na upepo. Ndipo Papa Kasereka akaleta maharage: punje nyeupe ni ndiyo, punje nyekundu ni hapana. Mmoja anaweka mkono mfukoni na kutoa punje moja, mwenzake anachukua upande uliobaki, mfuko unafungwa, mjadala unaanza.

Punje zile alizitafuta mwenyewe, siku ya soko Musienene. Alichuchumaa mbele ya mkeka wa mama mmoja, akafumba macho, akawa anapapasa maharage moja moja ili apate nyeupe na nyekundu zenye ukubwa mmoja kabisa. Yule mama alidhani ni kipofu, akamwongezea kopo zima bila malipo. Papa Kasereka alilichukua. Alisema arbitre hakatai zawadi kama hajui inatoka kwa équipe gani.

Mjadala wa kwanza niliouongoza mimi ulikuwa viazi vya Masereka na maharage ya Musienene, kipi kinajenga mwili. Msinicheke. Mtu wa Masereka, aliyezaliwa ndani ya viazi, alitoa punje ya kutetea maharage. Alitetea mpaka akatoa jasho. Ukoo wake haukumsemesha wiki nzima, lakini hakuna aliyempiga, maana kila mtu alisema: si yeye, ni punje. Hapo nikaelewa kwamba mzee hakuwa anacheza.

Halafu vita vikaja, vya kwanza, na kabla hatujamaliza kufagia vikaja vya pili. Vya pili vilikuja na majirani. Nasema majirani kwa sababu ndivyo tulivyowaita: askari wa nchi ya upande wa pili, walioingia kwa barabara ya Kasindi na magari yao, wakasema wamekuja kutusaidia sisi tuliokuwa tunapigana wenyewe kwa wenyewe. Wengine tuliwapigia makofi. Mimi pia nilipiga, sitadanganya. Wakakaa Beni, wakakaa Butembo, wakakaa.

Miaka hiyo macho ya Papa Kasereka yaliisha nguvu, akabaki nyumbani kwake, redio ndogo juu ya magoti, na mimi nikaachiwa mfuko. Siku moja naufungua nakuta wadudu wamekula punje, umebaki unga. Barabara ya Musienene ilikuwa imefungwa na watu wenye bunduki, soko hakuna. Nikaingia jikoni kwangu. Nyekundu nilizokuwa nazo zilikuwa ndogo, zile za kuiva haraka. Nyeupe zilikuwa kubwa, karibu mara mbili. Nikajiambia harage ni harage, nikatia moja moja mfukoni, nikaenda kazini. Mlikumbuke kosa hilo, maana mimi nililisahau jioni ile ile.

Mwaka wa pili wa majirani, watu walikuwa hawazungumzi jambo lingine. Sokoni, kanisani kabla ya misa, kwenye kasikisi, pombe yetu ya ndizi, baada ya misa, swali lilikuwa moja. Nikaona redio kunyamaza ni aibu. Nikaandika kichwa cha mjadala: Je, ni haki jeshi la nchi moja kuingia katika vita vya ndani vya nchi nyingine? Sikutaja nchi. Nilisema nchi A na nchi B, kama hesabu za darasa la nne. Hata kuku wa jirani alijua A ni nani na B ni nani.

Wasemaji walikuwa wawili. Mama Masika, mfanyabiashara wa sabuni na mafuta kwenye barabara ya Kasindi, mwanamke ambaye hata akinong'ona unamsikia ukiwa ng'ambo ya mto. Na Mwalimu Paluku, wa historia, mwembamba, mwenye koti moja tu na maneno elfu. Mwalimu alikuwa na woga kidogo. Mke wake alikuwa amemkataza asije. Nikamshika mkono pale mlangoni, nikamwambia: "Mwalimu, hapana kuogopa. Hata ukisema nini, ni punje ndiyo imesema. Mi niko hapa."

Maneno hayo yaliniwasha moyo baadaye kwa siku tisa.

Mwalimu alitia mkono mfukoni, akatoa nyekundu. Hapana. Na alisema hapana, jamani. Alisema moto wa nyumba ukiwaka jirani aje na maji, sawa, lakini maji yakishamwagwa jirani anarudi kwake, halali kitandani mwako. Kisha akafika pale ambapo Butembo nzima inapakumbuka: "Bazee balisema mugeni siku ya tatu umupe jembe. Sisi tulimupa jembe. Akaenda nayo Manguredjipa." Manguredjipa, kwa nyinyi mliozaliwa juzi, ni kule kwenye dhahabu. Nilisikia kicheko kikitoka nje ya studio, kikishuka kilima, kikienda mtaa kwa mtaa.

Siku ya tatu yake gari la majirani lilisimama mbele ya shule. Walimtoa Mwalimu darasani akiwa na chaki mkononi, wakampeleka Beni, wakamfungia ndani ya kontena la chuma. Mke wake alikuja redioni. Hakulia, hakupiga kelele. Alisimama mbele yangu akasema: "Katungu, ulimuambia ni punje." Nilitamani sakafu inimeze na magodoro yangu.

Nikapanda lori la viazi kwenda Beni. Kule kuna joto, nyinyi mnajua, ukitoka kwenye baridi yetu ya mikaratusi unafika umevaa nguo tatu ovyo. Mkubwa wa majirani alikaa katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa kahawa aliyekimbia. Alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani, anakunywa chai ya maziwa, maofisa wawili wamesimama nyuma yake. Watu walimwita Afande tu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha jeshi la kwao, kinatembea kwa hatua.

"Mama, unataka nini?"

"Mwalimu wangu, afande."

"Mwalimu wako ametukana jeshi."

"Hapana yeye, afande. Ni punje." Nikaweka mfuko juu ya meza na kumweleza sheria yetu yote, nyeupe, nyekundu, Papa Kasereka na filimbi yake.

Alicheka mpaka chai ikapita njia mbaya. Akajifuta, akasema: "Mama, nilisikia ile redio kwa masikio yangu. Mtu hawezi kusema vile kama haamini. Yale maneno ya jembe yalitoka tumboni."

Sasa nyinyi vijana, nawafundisha kitu cha kazi. Mkubwa akikukatalia, usimjibu. Muulize habari zake.

"Afande anajua mijadala muzuri sana," nikasema. "Alijifunza wapi?"

Uso ukafunguka. Kumbe shuleni kwao alikuwa kapteni wa wanaojadili, wanavaa tai, wanapewa kikombe. "Nilishinda miaka minne. Wakinipa ndiyo, nashinda. Wakinipa hapana, nashinda."

"Upande wowote, afande?"

"Wowote."

"Hata ule wenye hauamini?"

Aliweka kikombe chini polepole. Wale maofisa wawili walianza kuangalia viatu vyao. Kurudi nyuma mbele ya vijana wake hawezi, kusonga mbele anaona shimo. Akasema: "Hata huo."

"Basi na Mwalimu ni vile vile," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya upole kabisa, sauti ya matangazo ya vifo.

"Mama, wewe ni mtu wa hatari," akasema. Kisha akanipa masharti yake, akihesabu kwa vidole. Jumamosi kulikuwa na gari linalokwenda kwao, ng'ambo ya mpaka, na Mwalimu alikuwa na nafasi ndani. Ijumaa yeye mwenyewe angekuja Butembo, mjadala ule ule, redio ile ile. Akitoa nyeupe, ni bahati mbaya ya Mwalimu, apande gari. Akitoa nyekundu, atasema hapana. Akiisema vizuri, atakubali kwamba mtu anaweza kutetea asichoamini, na Mwalimu atarudi kwa mke wake. Akishindwa kuisema, basi ni yeye aliyekuwa na haki, na gari lipo.

Watu wawili tuliowajua walikuwa wameshapanda gari lile kabla, na hatukupata habari zao tena. Nikasema ndiyo, kwa sababu hakukuwa na neno lingine mezani.

Waliniruhusu kupita kando ya kontena. Mwalimu alisemea kwenye tundu dogo, jicho moja tu naliona. "Katungu, humu naiva kama sombe mu chungu. Na banafunzi, nani anabafundisha?" Nikamweleza habari ya Ijumaa. Akasema: "Katungu, juu ya ile punje, kuko kitu..." Askari akanisukuma kwa bega, muda umekwisha. Sikujua alitaka kusema nini, na njia yote ya kurudi nilidhani alitaka kunilaumu.

Ijumaa asubuhi nilikaa jikoni na mfuko mbele yangu. Nyeupe moja, nyekundu moja. Nusu kwa nusu. Mpira unakubali nusu kwa nusu, Papa Kasereka alikubali nusu kwa nusu, mimi nikafikiria yule mwanamke aliyesimama mbele yangu bila kulia. Nikaitoa nyeupe. Nikatia nyekundu nyingine, ndogo kama dada yake. Ile nyeupe nikaitupa ndani ya chungu pamoja na wenzake, na saa sita mchana nilikula ushahidi.

Saa tisa alasiri Afande alifika na magari matatu. Chumba kilijaa, dirishani vichwa, mlangoni askari wake mmoja anatafuna muwa. Mama Masika alikuwa ameshakaa, kitenge kipya. Nilimwambia Afande, kwa heshima, mgeni ndiye anayetoa. Akatia mkono mfukoni.

Na mkono ukakaa humo. Papa Kasereka alikuwa na sheria, mkono haukawii, mkono haupigi mazungumzo na mfuko. Lakini nani angempulizia filimbi mtu mwenye magari matatu nje? Nilimwona anaangalia dari, vidole vinatembea ndani ya kitambaa. Mwishowe akatoa punje, akaifungua kiganjani: nyekundu. Nikafunga mfuko haraka na kuukalia.

"Haya," akasema. "Hapana."

Alianza kishule shule. Waheshimiwa, mwenyekiti, hoja ya kwanza. Nikaona tunazama, nikaona Mwalimu anapanda gari. Kisha akavua miwani, na bila miwani alikuwa mtu mwingine, kama jirani yako aliyeamka sasa hivi.

"Ukiingia vita ya ndani ya mtu mwingine," akasema, "siku ya kwanza unajua adui ni nani. Mwezi wa sita unauliza. Mwaka wa pili adui anakula na wewe na rafiki anakupiga risasi, na wote wawili ni ndugu, na ni wewe tu mgeni. Nyumba ilikuwa na pande mbili zinapigana. Unaingia na bunduki, zinakuwa tatu. Unagawa bunduki ili upate rafiki, zinakuwa saba. Utatoka lini? Kila siku unasema nitatoka kukiwa na amani, na kila siku wewe ndiye sababu moja ya kutokuwa na amani."

Yule askari wa mlangoni aliacha kutafuna.

"Nimezika vijana kwenye vilima ambavyo sijui majina yake," Afande akasema. "Nimeandika barua kwa mama zao. Wanajibu wanauliza swali moja: alikuwa anafanya nini huko? Mimi nina kalamu, nina karatasi, sina jibu. Tulipofika hapa, watoto walitupungia mkono. Sasa wanakimbia. Mimi nina watoto. Mtu anayekimbiwa na watoto, arudi kwake akaangalie kama wa kwake nao watamkimbia."

Akavaa miwani. Hakuna aliyepiga makofi. Nilisahau hata kusema muda umekwisha, na kwa kweli ulikuwa umekwisha dakika mbili zilizopita.

Ikabaki Mama Masika, na yeye kazi yake sasa ilikuwa kumwambia mkubwa wa majirani kwamba majirani wabaki. "Mi nasema bakae," akaanza. "Ya kwanza, sabuni. Toka bafike nauzisha sabuni mara mbili, ni batu ba kunawa." Chumba kikapasuka kwa kicheko, na Afande mwenyewe akacheka. Lakini Masika si mtu wa kuchezea. Akangoja kicheko kiishe. "Ya pili. Afande amesema muzuri, lakini yeye ataenda kulala kwake. Mi nitabakia mu barabara. Bale benye kuwa mu pori, benye hatujue hata majina yabo, siku Afande anaenda banatoka. Nani atasimama mbele yangu? Maneno? Mutu akikuvunjia mulango, haitoshi aseme samahani na aende. Atengeneze mulango kwanza." Afande alitoa kalamu, akaandika kitu. Sijui kama mlango huo ulitengenezwa. Nadhani nyinyi mnajua jibu, mnapita barabara ile.

Redio yetu haitangazi mshindi, hiyo nayo ni sheria ya Papa Kasereka. Watu wanarudi nyumbani na mjadala wao. Afande aliomba maji, akanywa, akaenda kwenye fonie, redio ya mawasiliano ya gari lake. Nilikuwa karibu, nilisikia: "Mfungulieni mwalimu." Kisha akarudi studio, akanyoosha mkono: "Kaseti." Nikampa. Akaitia mfuko wa shati. Ndiyo maana armoire ina nafasi moja wazi, kijana, si uzembe wa mama yako.

Mwalimu Paluku alirudi Jumamosi juu ya lori la mbao, koti begani, amepungua hata pale ambapo hapakuwa na kitu cha kupungua. Aliomba bugali kabla ya kuomba kitu kingine. Alipomaliza akanivuta pembeni. "Katungu, kile nilitaka kukuambia kwa kontena. Ile siku, mu mufuko, moja ilikuwa kubwa, nikajua ni nyeupe. Niliigusa, nikaiacha. Nilitafuta kadogo."

"Kwa hiyo ulichagua?"

"Nilichagua."

"Kwa hiyo Afande alikuwa na haki? Ilitoka tumboni?"

"Kabisa," akasema.

Mimi nimekwenda Beni kwa lori la viazi kuapa mbele ya jeshi zima kwamba ni punje. Tuliangaliana, tukaanza kucheka, tukacheka mpaka mke wake akatoka mbio akidhani joto la kontena limempanda kichwani.

Kucheka kulikwisha nilipofika kwa Papa Kasereka. Kwake sikuweza kudanganya. Nilimweleza yote, chungu na ushahidi. Alisikiliza na filimbi mkononi.

"Nyekundu mbili," akasema.

"Ndiyo, papa."

"Na kabla ya pale, kubwa na kadogo."

"Ndiyo, papa."

Hii ya pili ndiyo ilimuuma zaidi. Alisema kuiba mara moja kwa ajili ya roho ya mtu, Mungu ataangalia, lakini uvivu wa kutochagua maharage ni uvivu tu. Alininyima mikro mwezi mzima. Nilirudi kwenye bic na kaseti, na kuku, au pengine mjukuu wa kuku yule. Barabara ilipofunguka alinituma Musienene kwa miguu nilete punje mbili za ukubwa mmoja, na nilipoleta alizirudisha, nikaenda tena. Siku ya mwisho ya adhabu aliniuliza polepole kama Afande alionekana vipi alipokuwa anasema, kwa sababu redio haionyeshi uso. Nikamwambia alivua miwani. "Ah," akasema, akanirudishia mfuko.

Majirani walikaa bado, kisha ukafika wakati wakatakiwa kurudi kwao. Magari yalipita Butembo siku nzima, kahawa yetu chini, askari juu. Gari moja likapanda kilima chetu. Afande alishuka peke yake, mvi zimeongezeka, akaniamkia, akaomba kuona mfuko. Nikaleta. Akatia mkono, akakawia vile vile, akiangalia dari. Akautoa mtupu.

"Sasa ziko sawa," akasema. "Siku ile nilikuwa nimeambiwa nyeupe ni kubwa. Mlevi mmoja wa Butembo aliniambia, hakuna siri hapa kwenu. Nikatia mkono nitafute kubwa."

Nikauvuta mfuko kwangu.

"Nilitafuta vizuri, mama. Nikakuta mbili ndogo."

Nikasema: "Afande, ulijua. Kwa nini haukusema?"

Aligusa mfuko wa shati lake, pale kaseti ilipoingia siku ile, na sijui kama bado ilikuwamo. "Ningesema, ungeniletea nyeupe," akajibu. "Na miaka ile yote hakuna mtu mwingine aliyenipa nyekundu, niseme hapana." Akapanda gari. Nikamwambia wasingya, kama tunavyosema kwetu kwa shukrani, lakini injini ilikuwa imeshawaka.

Mfuko uko pale pale pembeni ya nafasi wazi. Si dawa. Ndani mna nyeupe moja na nyekundu moja, nimezipima macho yamefumbwa, hamtaweza kuzitofautisha, na wadudu wakizila mwende Musienene, msiingie jikoni. Mkono usikawie mfukoni, hiyo ni sheria. Ila siku mtu mwenye bunduki atakapotia mkono wake humo na ukakawia, msimharakishe.